Timu Isiyofungwa Jumatano

Siku ile tulikuwepo hawa: mdogo wangu Odhiambo, golini, mikononi amevaa glavu za fundi wa kuchomelea vyuma kwa kuwa za kipa hatukuwa nazo; wadogo wetu pacha, Apiyo na Adongo, juu ya kreti za soda zilizopinduliwa; Mzee Salim wa duka la vifaa vya ujenzi, chini ya mwavuli wake mweusi; mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni ya Homa Bay, mgeni kabisa kwetu; mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuja na lori la mashabiki wa Sori; mimi, nyuma ya sufuria yangu ya chai; na Mtangazaji, juu ya meza yake. Wengine walikuwa wengi. Mtangazaji mwenyewe alitangaza kwamba uwanja ulikuwa na watu mara mia zaidi ya Jumamosi iliyotangulia, na ilikuwa kweli. Jumamosi iliyotangulia mvua ilinyesha, na waliokuja ni yeye na refa.

Siku hiyo ndiyo iliyoamua kama Odhiambo angerudi darasani au angeshuka kwenye mashimo ya dhahabu kule Osiri, ambako baba yetu mdogo alikuwa amekwisha kumtafutia nafasi. Nitaifikia. Lakini haieleweki kwa mtu asiyemjua Mtangazaji, na Mtangazaji hakuwa mtu wa kujulikana kwa mara moja.

Alikuwa mfupi, ndiyo maana alihitaji meza. Aliiazima kwa mchinjaji kila wikendi, na kwa kuwa hakuna maji yaliyowahi kuitoa harufu, mbwa wa mji mzima walikuja kulala chini yake tangu mpira unaanza hadi unakwisha. Alisema hao ndio mashabiki wa kweli wa timu, kwa sababu katika msimu mzima hakuna hata mmoja aliyeondoka kabla ya kipenga cha mwisho. Kipaza sauti chake kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Betri zikichoka, alizianika juani juu ya bati la kibanda changu na kuzigeuza moja moja kama mtu anayechoma mahindi. Sauti iliyotoka humo ilivuka barabara ya lami, ikavuka soko, na ukipata upepo mzuri ungeisikia ng'ambo ya mto.

Siku za kazi alizunguka na pikapu akitangaza mkutano wa chifu, chanjo ya ng'ombe, mtoto aliyepotea sokoni. Wikendi ilikuwa ya mpira. Kila mtu alimwita Mtangazaji, hata mke wake alipomtuma chumvi.

Mechi kubwa za wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulizisikiliza redioni, na watangazaji wa Nairobi walikuwa na mtindo wa kuchomeka takwimu kati ya pasi na pasi. Fulani amefunga mabao kadhaa, timu fulani haijapoteza mechi tangu mwezi fulani. Mtangazaji aliupenda mtindo huo kama mtu aliyeonja sukari ukubwani. Tatizo ni kwamba timu ya mji wetu haikuwa na takwimu za kupendeza. Ilifungwa, na ilifungwa sana. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alikaa akafikiri, kisha akagundua kwamba hesabu yoyote inaweza kupendeza, mradi ujue pa kuianzia na pa kuikatia.

Basi akatutangazia kwamba timu yetu haijawahi kufungwa siku ya Jumatano. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Wiki nzima ilipita kabla mtu hajakumbuka kwamba ligi ilichezwa Jumamosi na Jumapili tu. Akatuambia nusu ya mabao yetu msimu ule yalifungwa kwa kichwa. Mabao yenyewe yalikuwa mawili, na hilo la kichwa lilimgonga beki wetu kisogoni akiwa ameinama kufunga kamba za kiatu. Msimu mwingine winga wetu mmoja aliongeza mabao yake kwa asilimia mia tangu mvua zianze, maana yake alikuwa na moja, akapata la pili. Alipokuja refa mgeni kutoka Rongo, Mtangazaji alitangaza kwa furaha kwamba tangu refa huyo aanze kutuchezesha hatujapoteza hata mechi moja. Wakati huo refa alikuwa bado anavaa soksi.

Hakusema uongo. Hilo alilishikilia kama muumini anavyoshikilia dini yake. Ukimbana, alisema, "Ukweli ni nyumba yenye milango mingi. Mimi naingilia wa jikoni, ndiko kuna chakula."

Aliyembana zaidi alikuwa Mzee Salim. Mzee Salim alikuja Migori kutoka pwani kabla sisi wengine hatujazaliwa, akafungua duka, akazika wazazi wake na kusomesha watoto wake papo hapo, lakini Kiswahili chake alikileta kizima na hakukubali tukichanganye na chetu. Aliuza misumari kwa kilo, na mtu anayeuza misumari kwa kilo hapendi hesabu inayocheza. Kila Jumapili alikaa mahali pale pale, chini ya mwavuli, tayari kwa vita.

Mwaka mmoja tulipata beki Mkuria, kijana mrefu mno, akiinua mkono anagusa mtambaa wa panya bila kuruka. Wenzake watatu wa nyuma walikuwa watu wa kawaida, mmoja wao mfupi kuliko mimi. Mtangazaji akatangaza kwamba wastani wa urefu wa ngome yetu unazidi wa timu yoyote aliyopata kuiona.

"Na huyo mrefu akiumwa," Mzee Salim akauliza kutoka chini ya mwavuli, "wenzake watafupika?"

Mtangazaji alikishusha kipaza sauti, akamjibu kwa upole kama anayemweleza mtoto. "Hawatafupika, Mzee Salim. Utakaofupika ni wastani. Wao watabaki vile vile."

Mzee Salim alicheka hadi mwavuli ukamfungia kichwa ndani.

Wapo walioziamini hesabu zile kupita kiasi, na wa kwanza wao alikuwa kocha wetu. Jezi zetu zilipolowa siku moja, tuliazima za buluu za shule ya msingi, tukashinda. Mtangazaji akatangaza kwamba tukivaa buluu tunashinda kwa asilimia mia. Kocha hakusahau. Tulipoalikwa Homa Bay kwa mechi kubwa, aliziacha jezi mpya kabatini, akaenda kuziazima tena zile za watoto. Nilisafiri nao na sufuria yangu, kwa hiyo niliona kwa macho yangu wanaume wazima wakiingia uwanjani vitovu nje, upepo wa ziwa ukiwapiga matumboni, na yule Mkuria akitembea amekunja mabega ili mikono ya jezi isipasuke. Ikapasuka. Tulifungwa vibaya. Watu wa Homa Bay walicheka kwa upendo mkubwa sana, na mwishoni wakatuletea samaki wa kukaanga, wakisema hawajawahi kufurahi hivyo tangu mwaka uanze.

Njiani kurudi kocha alikaa mbele kwenye gari. Tulipofika Rongo ndipo alipogeuka. "Wewe si ulisema asilimia mia?"

"Nilihesabu za jana, kocha," Mtangazaji alisema, mdomo umejaa samaki. "Za kesho hata mimi nazingoja kama wewe."

Kumbe mtu huyo huyo, akiingia dukani kununua sukari, aliinama hadi pua ikakaribia mshale wa mizani, na hakutoka mpaka mshale utulie. Aliwahi kumrudishia muuza nyama kipande kwa sababu kilizidi. Mkewe alisema nyumbani hakujua kutia chumvi, alimwita kijana wa jirani ampimie kwa kijiko.

Na matanga hakuyatia chochote. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawakulijua kwa sababu hawakukaa na kumsikiliza siku za kazi. Mama yetu alipomfuata baba kaburini, Mtangazaji alikuja nyumbani kuchukua maneno ya kutangaza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha shule, kidato cha pili, ili kumuuguza. Nilimwambia aseme kwamba waombolezaji wengi sana watakuja, ili watu waone haya kutokuja.

"Matanga hayana asilimia, nyathina," alisema. Nyathina ni mwanangu. Ndiyo mara pekee aliyoniita hivyo. Siku nyingine zote nilikuwa Nyar Sori, binti wa Sori, kwa kuwa huko ndiko tulikotoka. Nilimsikia akipita na pikapu: jina la mama, siku, mahali. Kisha kimya hadi kona nyingine, halafu jina, siku, mahali.

Kwa hiyo sijawahi kukubali kwamba alikuwa mtu wa kudanganya. Niliangalia kwa muda mrefu, na nilichoona ni hiki: hesabu zake hazikuwahi hata siku moja kumshusha mtu. Redioni takwimu ziliwajenga wengine na kuwabomoa wengine, mchezaji huyu hajafunga tangu lini, kipa yule amefungwa mangapi. Zake zilipanda tu. Siku tuliyofungwa mabao saba na timu ya Mbita, Odhiambo akiwa golini, uwanja ulinyamaza kama kanisa. Mtangazaji aliangalia viatu vyake akitafuta cha kusema. Kisha akainua kipaza sauti. "Kipa wetu," alitangaza, "ameugusa mpira mara nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote uwanjani leo." Kijana aliyefungwa saba alirudi nyumbani akala ugali wake wote, akaomba wa Adongo.

Sasa nifike siku ile.

Odhiambo alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka kidato cha kwanza kwa sababu ya karo. Mimi nilipika chai na mandazi kando ya uwanja, na chai na mandazi viliwalisha wanne lakini havikumrudisha shule mtu yeyote. Baba mdogo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema ukweli ulio wazi kwamba kijana mwenye mikono yenye nguvu hawezi kukaa nyumbani akitazama dada yake akikuna macho kwa moshi. Alikuwa akifanya kazi Osiri. Angeenda naye. Nilikuwa nimewaona waliotangulia. Wengine walirudi na redio mpya, wengine walirudi wakikohoa, na hakuna niliyemwona akirudi darasani.

Mtangazaji ndiye aliyeniletea habari. Mwalimu wa michezo wa shule ile ya Homa Bay alikuwa na nafasi moja ya mchezaji, asiyelipa karo, na alikuwa anakuja kumwangalia mshambuliaji wa Sori watakapocheza na sisi. Alinieleza hayo macho yakimng'aa, na mimi nilipoyaona macho yale nikaogopa.

Siku moja kabla ya mechi nilimkuta akizigeuza betri zake.

"Jaduong'," nilimwambia, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyomwita mzee tunayemheshimu, "kesho usimtaje Odhiambo kwa hesabu zako."

Aliacha kugeuza. "Unaniomba nipike bila chumvi, Nyar Sori."

"Nakuomba usimpike kabisa. Wakimchukua kwa maneno, watamrudisha kwa matendo. Na akirudishwa, shule haikanyagi tena. Ataenda Osiri hata mimi nikilia."

"Hata ile ya kuugusa mpira?"

"Hata hiyo."

Alikaa akiishika betri moja kifuani kama kifaranga. Mwishowe alisema sawa. Kesho kuhusu kipa hatatia neno, mimi nishuhudie.

Na kweli hakutia. Mechi ilianza, akamsifu kila mtu. Alimsifu hata mshambuliaji wa Sori, ambaye kwa hesabu yake alikuwa hajawahi kupiga nje kwa mguu wa kushoto, na tuliomjua tulijua hajawahi kupiga kwa mguu wa kushoto kabisa. Lakini mpira ukifika kwa Odhiambo, kipaza sauti kilitoa mlio wa betri peke yake. "Mpira uko kwa kipa," alisema. Akangoja. "Kipa ameupiga."

Watu waligeuka kuitazama meza. Mbwa mmoja alitoka chini yake, akamtazama, akarudi. Odhiambo naye alizoea kusikia chochote, hata kidogo, na sasa kila alipodaka aligeuza shingo. Akiwa amegeuza shingo akafungwa la kwanza. La pili lilipita katikati ya miguu yake. Mtangazaji akasema, "Bao," akaufunga mdomo. Niliona mwalimu mgeni, aliyekuwa ameketi karibu na sufuria yangu na kikombe mkononi, akiangalia upande mwingine wa uwanja, kwa mshambuliaji. Nilijua anachoangalia, na nilijua maana yake.

Kipindi cha pili kilikuwa ndiyo kwanza kianze, na mpira umetoka nje ukingoja kurushwa, mama muuza omena aliposimama katikati ya mashabiki wa Sori akainua mkono.

Hapa lazima nieleze desturi. Kwetu, mpiga nyatiti, kile kinubi chetu, akiwa katikati ya wimbo, mtu yeyote anaweza kuinua mkono. Nyuzi zinanyamaza. Mtu yule anajisifu, au anamsifu rafiki yake au mkwe wake, kwa maneno makubwa kadiri apendavyo, kisha wimbo unaendelea. Tunaiita pakruok. Hakuna anayemzuia aliyeinua mkono, awe tajiri au mlevi. Kumkatalia ni kumvua nguo mbele za watu. Kwenye mpira haikuwahi kufanyika. Lakini mkono ulikuwa umeinuka, na mkono ni mkono.

Mtangazaji alikuwa ameahidi kunyamaza. Hakuwa ameahidi kumnyamazisha mtu. Alipiga magoti juu ya meza, akamteremshia kipaza sauti.

"Mimi ni wa Sori," mama alisema, "na leo nashangilia Sori. Lakini huyo kipa nilimwona akijifunza kutembea. Katika watoto wote waliowahi kunibebea ndoo ya omena kutoka ziwani, ni yeye peke yake ambaye hajawahi kumwaga."

Uwanja ulipiga kelele. Refa, aliyekuwa Mluo kama sisi, aliuweka mpira chini ya kwapa akasubiri. Baadaye mama yule aliniambia kwamba katika maisha yake aliyewahi kumbebea ndoo ni Odhiambo tu.

Baada ya hapo mikono ilianza kuota. Mchinjaji alisema Odhiambo ana mikono mirefu kuliko babu yake, na babu yetu hakuna aliyebaki wa kumpima. Mchungaji alisema kijana huyu, kati ya vijana wote wanaokaa benchi la nyuma, ndiye anayesinzia kwa heshima zaidi. Mchezo uliendelea vipande vipande, unarushwa, unasimama, mkono, unarushwa. Apiyo alipewa kipaza sauti akatangaza kwamba kaka yake hajawahi kumpiga siku ya Jumatano. Adongo, asiyekubali kushindwa na pacha wake, alikinyakua akasema, "Wala Alhamisi."

Kisha Mzee Salim akasimama na kuufunga mwavuli wake. Watu walinyamaza wenyewe, kwa sababu huyu ndiye adui wa mambo haya.

"Mimi upuuzi huu siupendi," alianza, "na mnalijua hilo. Lakini kijana huyu nimempa vioo vya madirisha avipeleke kwa wateja. Mimi mwenyewe nimevunja. Mwanangu amevunja. Fundi aliyesomea kazi hiyo amevunja. Yeye hajavunja hata kimoja."

Mtangazaji aliinama, akauliza kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na sote tulisikia. "Amebeba vingapi, Mzee Salim?"

Mzee Salim alimtazama machoni. "Miaka yote wewe hukupata kutueleza vingapi. Leo utaniuliza mimi?"

Nadhani mashabiki wa Sori walicheka kutuzidi. Na Odhiambo, kule golini, alikuwa amenyooka. Mshambuliaji wa Sori alipomjia peke yake dakika za mwisho, aliruka na glavu zake za kuchomelea, mpira ukamgonga usoni, ukapanda, ukapiga mtambaa wa panya, ukarudi, akaulalia. Aliamka na damu puani na majani mdomoni. Nasi tulikuwa tumepata moja kati ya mkono na mkono, tukapoteza mawili kwa moja. Mtangazaji alitangaza matokeo bila nyongeza yoyote na kushuka mezani.

Mwalimu alikuja kwangu na kikombe chake.

"Nimeambiwa wewe ni dadake kipa," alisema. "Yule bwana wa meza amesifu hadi refa. Mbona kipa hakumsifu?"

"Nilimkataza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka umwone mwenyewe. Mipira ya juu inamshinda. Ya chini anadaka. Akifungwa hakasiriki, anaokota mpira anarudisha. Hesabu anaweza, Kiingereza kidogo. Shuleni alirudishwa kwa karo, si kwa tabia."

Alikunywa chai iliyobaki. "Leo nimesikia kijana huyu hamwagi omena, havunji vioo, na anasinzia kwa heshima," alisema. "Sijui lipi la kweli. Lakini nimetembea viwanja vingi, na sijawahi kuona watu wa timu zote mbili wakisimamisha mechi kumwombea kipa aliyefungwa mawili. Washambuliaji nitapata. Jumatatu aje na godoro."

Nakumbuka nilimjazia kikombe hadi chai ikamwagika kwenye kiatu chake. Godoro lenyewe alilitoa baba mdogo, la kitanda chake, akalifunga kamba mwenyewe. Na mshambuliaji wa Sori, usimwonee huruma, alikuwa na shule mbili zinazomgombania.

Nilimuuliza Mtangazaji kama alipanga jambo lile. Aliapa kwamba alitimiza ahadi yake neno kwa neno, na ni kweli. Lakini pacha, walipokuwa wakubwa, walinieleza kwamba asubuhi ile aliwapitia, akawauliza kwa adabu sana kama mikono yao inafika juu. Na lori la Sori, kabla ya kuingia uwanjani, mtu mmoja mfupi alilisimamisha njia panda, akawasalimia akina mama mmoja mmoja.

Miaka ile ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha nilipomwona tena vizuri. Alikuwa amehamia kwa binti yake Mbita, kipaza sauti kikauzwa au kikafa, sijui. Nilialikwa harusi Homa Bay. Odhiambo alikuwa amemaliza kidato cha nne na anafundisha shule ya msingi. Apiyo alikuwa kidato cha tatu. Adongo alikataa vitabu akachagua cherehani, na gauni nililovaa siku hiyo alilishona yeye. Mpiga nyatiti alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, na watu wanainua mikono, wanasifiana. Kwenye viti vya mbele nikamwona Mtangazaji, nywele zimekuwa pamba, miguu haifiki chini.

Nikajua leo nalipa. Kwa desturi yetu, aliyekusifia mtu wako mbele za watu, nawe hutakiwi kumshukuru pembeni. Unamsifu mbele za watu. Naye hakuwa amemsifia Odhiambo siku moja tu, alimsifia kila wikendi, na siku kubwa akawafanya watu wote wamsifie. Katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kuona mkono ukiinuka kwa ajili yake. Kila mtu alidhani kuna mwingine aliyekwisha kumsifu. Basi nikainua wangu. Nyuzi zikanyamaza. Nikasimama, maneno yangu yamepangwa tayari kifuani.

Kabla sijafungua mdomo, yeye akainua wa kwake. Ni mkubwa kwangu, na mkubwa hutangulia. Mpiga nyatiti akampa nafasi. Mtu akamsogezea kiti, akapanda. Sauti bila kipaza sauti ilikuwa nyembamba, ilibidi watu wainamishe vichwa.

"Huyo dada aliyesimama," alisema, "aliachiwa watoto watatu, naye mwenyewe bado mtoto. Sisi wakubwa tulikaa tukasema mmoja ataenda kwa shangazi, mmoja mashimoni, mmoja ataozwa mapema. Leo niwahesabu. Wako watatu. Wote wamelelewa chini ya bati moja, na hakuna aliyetoka ila kwa miguu yake mwenyewe na kwa mlango wa mbele. Asilimia mia."

Nilisubiri kicheko. Waliomjua wote walisubiri. Niliigeuza hesabu ile huku na huku, nikatafuta alipoianzia na alipoikatia, nikatafuta Jumatano yake. Haikuwa nayo. Hakuna aliyecheka. Kisha akina mama wakapiga vigelegele, mpiga nyatiti akaudaka wimbo kutoka humo humo ndani ya vigelegele, na zamu yangu ikamezwa, nimesimama na mdomo wazi na gauni la Adongo limelowa kifuani kwa machozi.

Wimbo ulipokwisha kiti chake kilikuwa kitupu. Wakasema ameliwahi gari la mwisho la Mbita.

Nilikwenda Homa Bay kulipa sifa moja. Nikarudi Migori nadaiwa mbili, na hadi leo sijalipa hata ya kwanza.